Sangara Tangini: Hesabu ya Maji, Pumzi na Chakula

Mwanafunzi wa biolojia aishiye Musoma, Bunda au Butiama anamjua sangara tangu utoto wake, lakini karibu kila mara anamjua akiwa amekwisha kufa: amelazwa juu ya barafu mwaloni, amekatwa vipande sokoni, au amekaangwa kwa mafuta yake mwenyewe. Ni wachache waliopata kumtazama akiwa hai kwa muda unaozidi ule wa kumtoa wavuni. Kwa hiyo mwalimu anapofundisha somo la minyororo ya chakula na kumtaja sangara kuwa mwindaji mkuu wa ziwa, swali huzuka upesi darasani: je, haiwezekani kumfuga mmoja ndani ya tangi, nyumbani au katika maabara ya shule, ili atazamwe kila siku?

Jibu fupi ni kwamba inawezekana kwa muda, na baada ya muda huo haiwezekani tena. Lakini jibu fupi halimfundishi mtu. Makala haya yanafuata njia ndefu zaidi, yaani njia ya hesabu, kwa kuwa ndani ya tangi moja la samaki mna fizikia, kemia na biolojia ya kutosha muhula mzima. Kisha yatatoka tangini na kutazama ziwa lenyewe, ambako jaribio la namna hiyo hiyo lilifanywa zamani kwa kipimo kikubwa mno.

Mwindaji mwenyewe

Jina la kisayansi la sangara ni Lates niloticus. Kenya huitwa mbuta, na Uganda mputa. Makao yake ya asili ni mto Nili, Ziwa Albert, Ziwa Turkana, Ziwa Chad na mito mikubwa ya Afrika ya Magharibi. Ziwa Victoria halimo katika orodha hiyo, na jambo hili litarudiwa mbele. Sangara aliyekomaa vyema aweza kufikia urefu wa karibu meta mbili na uzito wa kilo 200. Nyuma ya mboni ya jicho lake kuna tabaka linalorudisha mwanga, ndiyo maana macho yake humetameta yakimulikwa gizani. Jicho la namna hiyo humfaa mnyama awindaye jioni na alfajiri, au katika maji yenye ukungu.

Sangara hatafuni. Hunyemelea, kisha hufumbua kinywa chake kipana kwa ghafla. Maji huingia kwa nguvu yakiwa na windo ndani yake, na windo humezwa zima. Akiwa mchanga hula vijidudu vielekeavyo majini na kamba wadogo. Akikua hula dagaa na furu. Na wakati wowote hula sangara wenzake walio wadogo. Tabia hiyo ya mwisho peke yake yatosha kuonya kwamba wawili wa saizi mbalimbali hawawekwi pamoja. Baada ya siku chache mwenye tangi atamkuta mmoja, naye amenenepa.

Hesabu ya kwanza ni ya kukua. Umbo la samaki likibaki lile lile, uzito wake hufuata mchemraba wa urefu wake. Sangara wa sentimeta 10 akifikia sentimeta 50, urefu umeongezeka mara 5, lakini uzito umeongezeka kwa 5 × 5 × 5, yaani mara 125. Kidagaa cha gramu 10 kimekuwa mnyama wa zaidi ya kilo moja. Akifikia meta moja, uzito umekuwa mara 1,000 ya ule wa mwanzo. Tangi halikui. Anayenunua tangi kwa kumpima samaki wa leo amekwisha kukosea hesabu kabla hajatia maji.

Kuna na jambo la sheria. Kanuni za uvuvi za Tanzania haziruhusu kumvua sangara aliye chini ya sentimeta 50, na sangara wachanga ndio hasa ambao mtu angewataka kwa ajili ya tangi. Shule inayokusudia kufanya hivyo kwa ajili ya masomo yapasa kwanza kumwendea ofisa uvuvi wa wilaya na kupata kibali. Haifai kununua wachanga mwaloni kwa siri, kisha kuwafundisha watoto uhifadhi kwa samaki hao hao.

Uzito wa maji

Ichukuliwe tangi la kioo lenye urefu wa sentimeta 100, upana wa sentimeta 40, na maji yenye kina cha sentimeta 50. Ujazo wake ni sentimeta za ujazo 200,000, yaani lita 200. Maji hayo yana uzito wa kilo 200, bila kuhesabu kioo, mchanga na mawe. Meza ya kawaida ya darasani haikuundwa kubeba watu watatu wazima mchana na usiku; tangi hujengewa msingi wa matofali au chuma.

Mzigo wa chini waonekana kwa urahisi. Msukumo wa pembeni ndio unaowadanganya wengi. Kanieneo ya maji huongezeka kadiri ya kina, kwa hiyo juu ya maji ni sifuri, na chini kabisa ni kubwa kuliko kote. Kani yote inayosukuma ubao wa mbele wa kioo hupatikana kwa kuzidisha nusu ya densiti ya maji kwa mvutano wa dunia, kwa mraba wa kina, na kwa urefu wa ubao: ½ × 1,000 × 9.8 × 0.5 × 0.5 × 1, nayo ni nyutoni 1,225. Hii ni sawa na uzito wa kilo 125 ulioegemea kioo kwa mfululizo. Kwa kuwa kina kimo katika mraba, tangi lenye kina mara mbili hubeba msukumo mara nne. Fundi wa madirisha asiyejua jambo hili atachukua kioo cha dirisha, na tangi litapasuka usiku. Walio na akili ya kubana matumizi hujenga tangi la saruji lenye dirisha moja dogo la kioo kinene, au hutumia simtanki lililokatwa juu na kumtazama samaki kutoka juu, kama vile mvuvi anavyomtazama.

Pumzi

Sangara ni samaki wa maji yenye hewa nyingi. Maji ya ziwa yenye joto la nyuzi 25, katika mwinuko wa meta 1,134 ambao ndio usawa wa Ziwa Victoria, hayawezi kuyeyusha oksijeni zaidi ya kama miligramu 7 katika kila lita. Pwani, kwa joto lilo hilo, maji baridi yangeshika zaidi ya miligramu 8. Sababu ni kwamba kanieneo ya hewa hupungua kadiri mtu anavyopanda. Butiama ipo juu zaidi ya ziwa, kwa hiyo pumzi iliyomo katika tangi la Butiama ni pungufu kidogo hata kuliko ile ya Musoma mjini.

Sasa hesabu. Lita 200 zenye miligramu 7 kila moja zina jumla ya miligramu 1,400 za oksijeni. Lakini sangara hawezi kuitumia yote. Maji yakishuka chini ya miligramu 4 kwa lita, ataanza kutaabika. Akiba inayofaa basi ni tofauti ya 7 na 4, yaani miligramu 3, mara 200: miligramu 600. Samaki wa kilo moja katika maji ya joto aweza kukadiriwa kutumia miligramu 200 kwa saa. Akiba hiyo itakwisha kwa saa tatu.

Saa tatu ni muda mfupi. Kweli, oksijeni huingia pia kutoka hewani kupitia uso wa maji, lakini huingia polepole mno maji yakiwa yametulia. Pampu ndogo ya hewa huirusha maji juu na kuyachanganya, na ndiyo inayomweka samaki hai. Umeme ukikatika saa nne usiku na kurudi alfajiri, mwalimu atamkuta sangara amegeuka tumbo juu. Mwenye tangi ahesabu basi na betri ya akiba kuwa sehemu ya tangi. Ikikosekana, mtu akae usiku akichota maji kwa kopo na kuyamimina kutoka juu: kazi ya kuchosha, lakini inayofanya kazi.

Hesabu hii hii inaeleza jambo linalotokea nje ya tangi. Ndani ya vinamasi vya mafunjo, kama vile vilivyo kwenye bonde la mto Mara kabla haujafika ziwani, majani yanayooza hutumia oksijeni hadi ikabaki kidogo sana. Sangara hapiti humo. Watafiti waliochunguza Ziwa Nabugabo la Uganda, ambako sangara alitiwa miaka ya 1960, walikuta kwamba samaki wadogo wenye uwezo wa kuvumilia uhaba wa oksijeni walipata kimbilio pembezoni mwa mafunjo, na kwamba vijiziwa vya jirani vilivyozungukwa na vinamasi vilibaki bila sangara. Mafunjo ambayo watu huyaona kuwa uchafu wa kukatwa na kuchomwa ni ukuta uliojengwa kwa ukosefu wa hewa.

Uchafu usioonekana

Wanaoanza kufuga samaki huogopa maji yenye rangi. Maji yanayoua samaki mara nyingi ni meupe kama ya mvua.

Sangara wa kilo moja akilishwa gramu 20 za dagaa wabichi kwa siku, amekula kama gramu 3.6 za protini, maana dagaa wabichi wana karibu asilimia 18 ya protini. Asilimia 16 ya protini ni nitrojeni, nayo hapa ni gramu 0.58. Ikichukuliwa kwamba sehemu 6 katika 10 za nitrojeni hiyo hutolewa majini, zaidi kupitia matamvua na kwa umbo la amonia, basi kila siku miligramu 350 huingia katika lita 200. Hizo ni miligramu 1.75 kwa lita kwa siku moja tu.

Je, ni sumu? Hapa ndipo kemia ya Kidato cha Tatu inapopata kazi. Amonia majini huwa katika maumbo mawili yanayobadilishana: amonia yenyewe, NH₃, ambayo hupenya matamvua na kuua, na ioni ya amonia, NH₄⁺, ambayo haina madhara makubwa. Uwiano wao hutegemea pH na joto. Katika nyuzi 25, maji yenye pH 7 yana kiasi cha asilimia 0.6 tu katika umbo la sumu. Yakiwa na pH 8, asilimia hiyo hupanda hadi 5.4. Kwa hiyo uchafu wa siku moja katika pH 7 hutoa miligramu 0.01 ya sumu kwa lita, kiasi kinachovumilika. Uchafu ule ule katika pH 8 hutoa 0.09, na samaki ameanza kudhurika. Maji ya Ziwa Victoria kwa kawaida yana pH iliyo juu ya 7, na tangi jipya la saruji huipandisha zaidi kwa sababu chokaa hutoka katika kuta. Tangi la saruji hujazwa maji na kumwagwa mara kadhaa kwa majuma mawili au matatu kabla ya kiumbe chochote kutiwa ndani.

Dawa ya amonia ni bakteria. Aina moja huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Aina nyingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia na mimea huitumia kama mbolea. Bakteria hawa hukaa juu ya changarawe ambayo maji hupitishwa kwa pampu, nao huhitaji majuma manne hadi sita kuongezeka vya kutosha. Katika majuma hayo tangi halina budi kuwa na samaki wawili watatu wadogo, au chakula kidogo kinachooza, si mwindaji wa kilo moja. Uvumilivu huu ndio unaokosekana mara nyingi, na ndio sababu kubwa ya samaki kufa katika juma la pili, huku kila mtu akisema maji yalikuwa safi.

Baada ya hapo theluthi moja ya maji hubadilishwa kila juma. Maji ya bomba, kama yale ya mradi wa Mugango–Kiabakari–Butiama yatokayo ziwani, hutiwa klorini ili watu wanywe salama. Klorini hiyo huwaua samaki na bakteria wa changarawe pia. Yaachwe wazi katika ndoo kwa siku moja au mbili kabla ya kutumika. Maji yachotwayo ziwani au lamboni nayo yaachwe siku mbili, kwa sababu nyingine kabisa: huenda yamebeba viluwiluwi vya minyoo ya kichocho, ambavyo hupenya ngozi ya mtu. Viluwiluwi hivyo hufa ndani ya muda huo vikikosa mwili wa kuingia, mradi maji yawe yamechujwa na hayana konokono. Mwanafunzi asitie mkono mtupu katika maji mabichi ya ziwa kwa ajili ya somo lolote.

Mbadala: kamongo

Kama nia ni kuwa na samaki mkubwa alaye nyama, atokaye katika maji ya Mara, na awezaye kuishi shuleni bila kuzimika pamoja na umeme, basi sangara si chaguo la busara. Kamongo ndiye. Jina lake la kisayansi ni Protopterus aethiopicus. Wengine humwita kambare mamba. Hupatikana kwenye vinamasi na kingo zenye matope, ni mrefu kama nyoka mnene, na mapezi yake mawili ya mbele na mawili ya nyuma yamekuwa kama kamba laini.

Kamongo ana mapafu. Matamvua yake ni dhaifu kiasi kwamba mtu mzima wa aina hii hawezi kuishi kwa oksijeni ya majini peke yake. Sharti apande juu, atoe pua, avute hewa, kisha azame. Akizuiwa asifike juu hufa maji, ingawa ni samaki. Mwenye tangi asilijaze hadi kwenye kifuniko. Aache nafasi ya hewa ya kama sentimeta 15, na kifuniko kiwe na matundu na kiwe kizito, kwa kuwa kamongo hutoroka. Oksijeni ikipungua majini hana shida. Amonia humdhuru kama samaki mwingine, kwa hiyo sehemu iliyotangulia bado inamhusu.

Hula samaki, wadudu wa majini, na hasa konokono, ambao huwavunja kwa mabamba magumu ya meno. Mabamba hayo hayabagui konokono na kidole. Alishwe kwa koleo refu la mti, mara mbili au tatu kwa juma, na awe peke yake. Konokono wa kumlisha wachemshwe kwanza, kwa sababu ya kichocho iliyotajwa.

Historia ya kamongo katika matangi ni ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Homer W. Smith, mtaalamu wa fiziolojia wa Chuo Kikuu cha New York, alifika Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1920 kuwatafuta samaki hawa, akawachunguza hai katika maabara yake. Alitaka kujua mnyama aliyefungiwa katika tope lililokauka hufanya nini na uchafu wake, ilhali hana maji ya kuuosha. Alikuta kwamba kamongo aliye majini hutoa amonia kwa wingi kama samaki wengine, lakini akiwa nchi kavu mwili wake hutengeneza urea, ambayo si kali, na kuilimbikiza hadi maji yarudi. Uchunguzi huo ulimsaidia kuielewa figo ya binadamu, na mwaka 1932 Smith alitoa kitabu alichokiita Kamongo, jina lile lile walitumialo wavuvi wa ziwa hili.

Anayemchukua kamongo ajue pia kwamba anajifunga kwa miaka mingi. Ndugu yake wa Australia, naye ni samaki mwenye mapafu, aliwekwa katika jumba la samaki la Shedd mjini Chicago mwaka 1933, akaishi humo hadi mwaka 2017. Walimu wangapi wangestaafu katika muda huo?

Tangi lisiloweza kumwagwa

Katika tangi, kosa hurekebishwa. Maji humwagwa, samaki huondolewa, kazi huanza upya. Sasa msomaji afikirie tangi lenye eneo la kilometa za mraba 68,800.

Mwaka 1927 na 1928 Michael Graham alifanya uchunguzi wa kwanza mkubwa wa samaki wa Ziwa Victoria. Katika ripoti yake ya mwaka 1929 alionya kwamba kuleta samaki mkubwa mwindaji kutoka mahali pengine kungekuwa na hatari kubwa kabisa, isipokuwa utafiti mpana utangulie. Ziwa wakati huo lilikuwa na mamia ya aina za furu, samaki wadogo wenye mifupa mingi ambao wafanyabiashara wa samaki hawakuwapenda. Wengi katika utawala waliona kwamba furu ni nyama inayopotea, na kwamba mwindaji mkubwa angeigeuza kuwa samaki wa thamani.

Mwaka 1960 Geoffrey Fryer, aliyekuwa katika shirika la utafiti wa samaki wa maji baridi la Afrika ya Mashariki huko Jinja, aliandika kupinga wazo hilo. Hoja yake ilikuwa ya nishati: kila ngazi ya mnyororo wa chakula hupoteza sehemu kubwa ya kile ilichokula, kwa hiyo kumla furu moja kwa moja huleta chakula kingi kuliko kumlisha sangara kwanza. Hoja hii inapimika hata tangini. Sangara wa kilo 10 akilishwa asilimia moja tu ya uzito wake kila siku hula kilo 36.5 za dagaa kwa mwaka, na sehemu ndogo tu ya hizo huonekana baadaye katika mwili wake.

Lakini Fryer alikuwa amechelewa. Mwaka 1954 sangara walikuwa wamekwisha kutiwa ziwani upande wa Uganda, na mwaka 1962 na 1963 waliongezwa wengine kwa njia rasmi kutoka Ziwa Albert na Ziwa Turkana. Kwa karibu miaka 20 hakuna kubwa lililotokea. Kisha, mwanzoni mwa miaka ya 1980, sangara waliongezeka kwa ghafla, kwanza kaskazini, baadaye katika Ghuba ya Mwanza na upande wa Mara. Furu, ambao katika uchunguzi wa kuzunguka mwaka 1970 walikuwa karibu asilimia 80 ya uzito wa samaki waliokokotwa kutoka chini ya ziwa, walitoweka karibu kabisa katika nyavu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden cha Uholanzi, waliokuwa Mwanza tangu 1977 pamoja na wenzao wa Tanzania, waliliona jambo hili likitokea mbele ya macho yao. Aina walizokuwa hawajazipa majina zilitoweka kabla ya kuandikwa. Inakadiriwa kwamba aina 200 hivi zilipotea au zilibaki ukingoni.

Haki inataka na upande wa pili usemwe. Mavuno ya ziwa zima, yaliyokuwa kama tani 100,000 kwa mwaka katika miaka ya 1970, yalikaribia tani 500,000 kufikia mwaka 1990. Viwanda vya minofu vilijengwa Mwanza na Musoma, na familia nyingi za Mara zimesomesha watoto kwa sangara. Tena sangara hakutenda peke yake: mbolea na udongo kutoka mashambani vilirutubisha maji, mwani ukaongezeka, maji ya kina yakakosa oksijeni. Hivyo hoja ya Fryer kuhusu wingi wa samaki haikutimia kama alivyodhani, lakini onyo lake kuhusu furu lilitimia. Ubishi uliobaki kati ya wataalamu ni kuhusu kiasi cha lawama cha kila sababu, si kuhusu furu waliopotea.

Na baadhi ya furu waliokolewa na nini? Na matangi. Watafiti wa Leiden walikuwa wamesafirisha furu hai kwenda Uholanzi kwa ajili ya uchunguzi wa tabia zao. Baadaye aina kadhaa zilizalishwa katika majumba ya samaki ya Ulaya na Marekani, zikiishi katika vioo wakati ambapo hazikuonekana tena katika ghuba zao. Kuanzia miaka ya 1990, baada ya sangara kuvuliwa sana, aina fulani za furu zilianza kuongezeka tena ziwani, ingawa si zote, na baadhi zikiwa zimebadilika kimaumbile.

Queensland, Australia, walipowaza katika miaka ya 1980 kumleta sangara katika mabwawa yao kwa ajili ya uvuvi wa burudani, walimweka kwanza katika matangi ya karantini na kumchunguza. Wazo likaachwa. Tangi lilitumika mahali pake.

Samaki anapolizidi tangi

Jambo hili huja, na mwenye tangi aamue siku ya kwanza, si siku samaki anapogonga kioo. Njia ya halali kwa sangara aliyefikia saizi inayokubaliwa ni jikoni, kwa kumwua upesi bila mateso, jinsi Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inavyotaka wanyama watendewe. Njia nyingine ni kumkabidhi kwa kituo cha utafiti au chuo cha uvuvi kitakachokubali. Kumtia katika lambo la kijiji, katika kijito, au katika maziwa madogo ya pembezoni kama Kirumi na Kyarano, ambamo ngege wa asili waliendelea kupatikana baada ya kuwa adimu ziwani, kusifanywe kamwe. Hali kadhalika kwa kamongo na kambare wanaohamishwa kutoka bonde moja kwenda jingine. Waliomtia sangara ziwani katika miaka ya 1950 hawakuhitaji meli nzima ya samaki.

Mazoezi kwa wanafunzi

Tangi lina urefu wa sentimeta 120 na upana wa sentimeta 50, nalo limejazwa hadi kina cha sentimeta 50. Tafuta ujazo wa maji kwa lita, na kani inayosukuma ubao wa mbele. Sangara wa gramu 500 amewekwa ndani, na oksijeni ni miligramu 7 kwa lita. Umeme ukikatika, ana saa ngapi kabla ya kufikia miligramu 4, ikiwa hewa iingiayo juu ya maji haihesabiwi? Rudia hesabu kwa samaki yule yule akiwa ameongezeka urefu mara mbili bila kubadili umbo.

Shule yenye kamongo ihesabu ni mara ngapi anapanda kuvuta hewa kwa saa moja, asubuhi maji yakiwa baridi na alasiri yakiwa na joto, kwa siku kumi mfululizo. Chora jedwali la idadi hizo pamoja na joto la maji, na ueleze kwa nini kipimo cha oksijeni iliyoyeyuka majini peke yake hakitoshi kueleza tofauti itakayoonekana.